Wamelazwa kwenye karatasi, wamelala kwenye korido

Saa tisa alasiri daktari wa zamu aliandika neno moja kwenye faili la shangazi yangu: alazwe. Homa ya mapafu, umri mkubwa, oksijeni imeshuka. Nilishusha pumzi. Nilidhani kazi ngumu imekwisha, kilichobaki ni kusukuma machela hadi kwenye lifti. Saa tisa usiku tulikuwa bado pale pale, katika idara ya dharura ya hospitali ya umma, machela yetu ikiwa ya tatu kutoka mlango wa choo. Taa hazikuzimwa. Nesi mmoja alizunguka na kifaa kimoja cha kupimia oksijeni, kile kinachobanwa kidoleni, akimvua huyu na kumvika yule, kama pete inayomtafuta mwenyewe. Kijana wa machela ya jirani alikuwa ameshika dripu ya baba yake kwa mkono ulionyooshwa juu, maana vyuma vya kutundikia vilikuwa vimekwisha. Mkono ukichoka, anabadilisha.

Ukiuliza kwa nini kumejaa hivi, jibu huja haraka, na karibu kila mahali ni lile lile: watu wanakimbilia dharura na mafua. Wangeanzia zahanati, pasingejaa. Viongozi wanalipenda jibu hili kwa sababu linamtupia lawama mtu aliyeko kwenye foleni, ambaye hana nguvu ya kujibu. Hata wahudumu wenyewe hulikubali wakiwa wamechoka, kwa kuwa mtu wa mafua ndiye wanayemwona akilalamika dirishani.

Lakini tazama anachotumia mtu wa mafua. Anakaa kwenye benchi. Anaonwa kwa dakika chache, anaandikiwa dawa, anaondoka kwa miguu yake. Hatumii machela, hatumii oksijeni, hahitaji nesi wa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mwaka 2007 Michael Schull na wenzake walichapisha uchambuzi wa hospitali za jimbo la Ontario, Kanada, wakitafuta hasa jambo hili. Walikuta kwamba wagonjwa wa shida ndogo wakiongezeka 10 ndani ya saa 8, muda wanaokaa wagonjwa wengine huongezeka kwa wastani wa dakika 5.4. Dakika tano! Mtu wa mafua anaongeza urefu wa foleni na kero ya kusubiri, hilo halipingiki, lakini si yeye aliyelala kwenye machela ya tatu kutoka chooni.

Aliyelala pale ni shangazi yangu, na mzee mwenye dripu, na wengine tisa niliowahesabu usiku ule, wote wakiwa wameshaonwa, wameshapimwa, wameshaandikiwa kulazwa. Kwa karatasi walikuwa wagonjwa wa wodini. Kwa mwili walikuwa koridoni.

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule. Chukua idara yenye machela 30. Kila saa wanaingia wagonjwa 5, na kila mmoja anahitaji saa 4 kwa wastani ili aonwe, apimwe na aamuliwe. Kwa wakati wowote utakuta humo watu 20, na machela 10 ziko wazi. Idara inapumua. Sasa tuseme katika hao 5 mmoja analazwa, na kitanda cha wodini kinapatikana baada ya saa 12. Huyo mmoja wa kila saa, mara saa 12, ni machela 12. Ishirini na kumi na mbili ni thelathini na mbili. Idara imefurika, na hakuna hata mgonjwa mmoja zaidi aliyeingia mlangoni. Hakuna ajali ya basi, hakuna mlipuko wa ugonjwa. Kilichobadilika ni ngazi ya kupandia juu, ambayo imeziba.

Wataalamu wa fani hii wanalijua jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2003 daktari Brent Asplin na wenzake nchini Marekani walipendekeza msongamano wa dharura utazamwe kwa vipande vitatu: wanaoingia, wanaoshughulikiwa ndani, na wanaotoka, kwenda nyumbani au wodini. Tangu hapo tafiti zimerundikana, na kidole kimeelekezwa mara kwa mara kwenye kipande cha tatu. Hata hivyo fedha na hotuba zimeendelea kwenda kwenye kipande cha kwanza: matangazo ya kuwaomba watu wasije, na ukumbi mpya wa dharura wenye utepe wa kukatwa. Ukumbi mpya unapendeza kwenye picha. Ila ukipanua mdomo wa faneli bila kugusa shingo yake, unapata mahali pakubwa zaidi pa kusubiria.

Nirudi usiku ule, maana kuna jambo liliniharibia hoja hii niliyokuwa nimeijenga kichwani kwa kiburi. Kama saa kumi hivi nilipanda juu mwenyewe, kinyume cha utaratibu, kwenda kuangalia hiyo wodi isiyokuwa na nafasi. Nikakuta vitanda viwili vitupu. Vimetandikwa, shuka zimekunjwa pembe, mito imewekwa. Damu ikanichemka. Nesi wa zamu alinitazama, akaelewa kabla sijafungua mdomo. "Kaka, niko peke yangu," akasema. "Nina wagonjwa thelathini na mmoja. Mwenzangu ameugua. Nikimpokea mama yako nani atamwangalia?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshika trei ya sindano, na nyuma yake kengele ya mgonjwa ilikuwa ikilia.

Nilishuka ngazi nikiwa sina la kusema. Tunaposema hospitali ina vitanda 400, huwa tunahesabu vyuma na magodoro. Kitanda anacholazwa mgonjwa ni godoro pamoja na mikono ya kumgeuza, macho ya kumwona akibadilika rangi saa nane usiku, mtungi wa oksijeni usioishia njiani, na daktari atakayepita asubuhi. Hospitali inaweza kununua vitanda 50 mwezi huu na isiongeze nafasi hata moja. Ajabu ni kwamba chini, dharura, nesi naye alikuwa peke yake upande wetu, na hakuna aliyempa ruhusa ya kusema nimefika mwisho, msiniletee mwingine.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Wodi ina idadi, na ikifika idadi hiyo inaweza kufunga mlango. Chumba cha wagonjwa mahututi kina idadi. Chumba cha upasuaji kina ratiba. Dharura peke yake haina idadi. Ni sehemu pekee ya hospitali ambayo sheria, maadili na hata jina lake vinaikataza kusema imejaa. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 inazilazimu hospitali zenye dharura kumpima na kumtuliza kila anayefika, awe na fedha au asiwe nazo. Kwingineko sharti hilo limo katika viapo na mazoea. Ni sharti jema. Matokeo yake ambayo hayakukusudiwa ni kwamba kila upungufu wa hospitali nzima, wa manesi, wa maabara, wa mafundi wa lifti, hatimaye huteremka na kutua kwenye ukumbi mmoja usio na haki ya kukataa.

Na watu wanakufa humo kwa kusubiri. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 5 waliolazwa kupitia dharura nchini England. Ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 82 ambao safari yao ya kwenda kitandani ilicheleweshwa kupita saa 6 hadi 8 tangu walipofika, kulitokea kifo kimoja cha ziada ndani ya siku 30. Mwaka uliofuata watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wagonjwa wa miaka 75 na kuendelea katika idara 97 za dharura. Waliolala usiku kwenye machela ya dharura, asilimia 15.7 walifia hospitalini. Waliopata kitanda cha wodi kabla ya usiku wa manane, asilimia 11.1. Tofauti hiyo ina sababu za kawaida tu. Dawa ya saa sita inatolewa saa nane kwa kuwa nesi alikuwa na mahututi mwingine. Mzee hapati usingizi, anachanganyikiwa, anashuka kwenye machela kutafuta choo, anaanguka. Daktari wa dharura anaamini mgonjwa ni wa wodi, daktari wa wodi hajamwona bado, na kwa saa kumi mgonjwa hana mwenyewe.

Kuna nadharia inayoeleza kwa nini mambo huharibika ghafla hivi, na haikutoka hospitalini. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeshughulika na simu za Copenhagen, alianza kuandika juu ya foleni za wapiga simu. Aliyoyaanzisha yanatufundisha kwamba huduma ikitumika karibu na ukomo wake, muda wa kusubiri haupandi taratibu kama ngazi, unaruka. Mwaka 1999 Adrian Bagust na wenzake waliijaribu fikra hiyo kwa vitanda vya hospitali, kwa kompyuta. Wastani wa vitanda vyenye watu ukipita asilimia 85 hivi, hatari inaanza kuonekana. Ukifika 90, hospitali itegemee uhaba wa vitanda mara kwa mara. Kwa macho ya mhasibu, kitanda kitupu ni hasara. Kwa macho ya anayeletwa na gari la wagonjwa, ndicho kitanda pekee chenye maana. Hospitali nyingi za umma zinaishi juu ya asilimia 100, wagonjwa wawili kitanda kimoja na wengine sakafuni, na tunashangaa kwa nini dharura haipumui.

Wapo walioamua kuugawa mzigo. Peter Viccellio, daktari wa dharura katika hospitali ya Stony Brook, New York, alikuja na wazo lililowaudhi wengi: dharura ikifurika, waliokwisha kuandikiwa kulazwa wapelekwe juu hata kama hakuna kitanda, wakae kwenye korido za wodi, mmoja mmoja, kila wodi ichukue wake. Ikiwa lazima mtu alale koridoni, basi ni afadhali wagonjwa kumi wagawanywe kwenye korido kumi kuliko wote kumi kubanwa kwenye ile moja inayopokea majeruhi. Wodi zililalama. Takwimu za miaka kadhaa zilipotazamwa hazikuonyesha madhara ambayo wodi ziliyahofia, na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wengi wa waliopelekwa juu wakikosa kitanda walikipata upesi mara tu walipofika. Kitanda kilichokuwa hakipo kilionekana mgonjwa alipokuwa mbele ya macho.

Sisemi nesi wangu wa wagonjwa thelathini na mmoja angepaswa kuongezewa wa thelathini na mbili na asante juu. Ninachosema ni kwamba jibu lake la haki, siwezi, lilisikika, nami nilirudi chini. Jibu kama hilo kutoka dharura halina pa kusikika. Uzito ukigawanywa, walau aliyeko ofisini ataona kwamba hospitali nzima imefika mwisho, na ataacha kuita hali hiyo tatizo la idara moja.

Kuna walioamua kutumia saa ya ukutani. England iliweka sharti kwamba kuanzia 2004 wagonjwa 98 katika kila 100 wawe wameshalazwa, wamehamishwa au wameruhusiwa ndani ya saa 4 tangu kufika. Mwaka 2010 kiwango kikashushwa hadi 95, na tangu katikati ya 2015 hakijafikiwa tena kwa nchi nzima. Wapinzani wake walikuwa na hoja: takwimu zilionyesha kilele cha ajabu cha wagonjwa wanaotoka dakika chache kabla ya saa 4 kutimia, ishara kwamba saa ndiyo iliyokuwa ikiamua na si tabibu. Lakini Australia Magharibi ilipoweka sharti la aina hiyo mwaka 2009, uchambuzi uliotoka 2012 ulikuta vifo katika hospitali tatu kubwa za rufaa vimepungua kwa asilimia 13, sambamba na msongamano uliopungua. Tofauti naiona hivi: saa ikifungwa shingoni mwa dharura pekee, watu watacheza na saa. Ikifungwa shingoni mwa hospitali yote, pamoja na maabara, wodi na mkurugenzi, kitu kinasogea.

Kinachosogea mara nyingi ni ruhusa. Nenda wodi yoyote asubuhi. Daktari anapita raundi, saa nne anamwambia mgonjwa: umepona, nenda nyumbani. Mgonjwa anatabasamu. Kisha anasubiri karatasi ya ruhusa, ambayo daktari mdogo ataiandika akimaliza raundi. Anasubiri dawa za kwenda nazo. Anasubiri bili, na katika hospitali ambazo huruhusiwi kutoka kabla ya kulipa, anaweza kusubiri siku kadhaa huku ndugu wakichangishana, mzima wa afya juu ya kitanda anachohitaji mtu wa koridoni. Anamsubiri ndugu wa kumchukua. Anaondoka saa kumi na mbili jioni. Wenye magonjwa ya dharura, ambao hujazana kuanzia mchana, walikihitaji kitanda hicho saa nane. Hapa hakuna mhandisi anayehitajika wala mkopo wa benki. Inahitajika karatasi iandikwe jana yake jioni kwa mgonjwa anayejulikana kwamba kesho anakwenda, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufuatilia vitanda tu, mwenye simu na mamlaka ya kupigia kelele.

Ijumaa ni somo lake lenyewe. Madaktari bingwa wakiondoka, hakuna wa kutia saini ruhusa hadi Jumatatu. Wagonjwa hawapumziki wikiendi. Jumatatu asubuhi wodi zimejaa waliopona, na wakati huo huo wanaingia waliopangiwa upasuaji wa wiki. Mtafiti Eugene Litvak na wenzake, waliochunguza mwendo wa wagonjwa hospitalini huko Boston, Marekani, waligundua jambo lililo kinyume cha tunavyodhani: wanaokuja kwa dharura wanatabirika kuliko wanaokuja kwa miadi. Ajali na presha na uchungu wa uzazi, vikijumlishwa kwa mamia, vina mwendo wake unaoujua. Kinachopanda na kushuka ovyo ni ratiba ya upasuaji, kwa sababu kila bingwa anataka Jumatatu na Jumanne. Ukiusambaza upasuaji huo katika siku zote za kazi, unapata vitanda bila kununua. Lakini jaribu kumwambia bingwa ahamishie orodha yake Ijumaa.

Nakubali kwamba haya yote yana ukomo. Pale ambapo wilaya nzima ina hospitali moja, na hospitali hiyo ina wauguzi nusu ya wanaohitajika, kuharakisha karatasi za ruhusa ni kukamua nguo iliyokwisha kukauka. Hapo kinachotakiwa ni ajira na fedha, na hakuna ujanja. Na hapo upangaji wa wagonjwa kwa uzito wa hali unakuwa suala la uhai. Mfumo uliobuniwa Cape Town kuanzia mwaka 2004, wa rangi nyekundu, chungwa, njano na kijani, ulitengenezwa ili muuguzi aliye na mashine chache aweze kumpa mgonjwa rangi kwa dakika chache, kwa kuhesabu pumzi, mapigo, joto na vichache vingine. Umeenea nchi nyingi kwa sababu unafanya kazi. Ila rangi hupanga foleni tu, haiifupishi. Mwenye njano anayesubiri kwa saa saba anaweza kuwa mwekundu, na kama hakuna wa kurudi kumpima tena, kibandiko chake kitaendelea kuwa cha njano hadi mwisho.

Hata katika hospitali maskini kuliko zote kuna jambo moja linalowezekana wiki hii, nalo ni kuhesabu kitu sahihi. Hospitali nyingi zinahesabu wangapi walifika dharura. Nyingine zinahesabu walisubiri muda gani kumwona daktari. Chache zinaandika muda kati ya neno alazwe na mgonjwa kugusa godoro la wodi, na chache zaidi zinampelekea mkurugenzi namba hiyo kila asubuhi, ya mgonjwa aliyesubiri kuliko wote, mezani kwake kabla ya chai. Ningependa namba hiyo iandikwe pia ukutani, pale wanapopita wageni rasmi.

Shangazi yangu angeingia ukutani hapo kama mtu aliyesubiri kwa saa 19. Katika daftari la hospitali, ambalo baadaye niliombwa kutia saini nilipokuwa nikimchukua, yumo kama mgonjwa mmoja aliyepokelewa wodini siku ya pili, saa nne asubuhi, hali yake ya wastani. Safu ya kuchelewa haikuwepo.